Bwana Afya anaumwa sukari

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Tatu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila Bwana Afya. Nasikia umbea umekufikia Morogoro kabla ya barua yangu, ukacheka mpaka ukakaa chini: eti fundi cherehani, mpangaji wa chumba kimoja, anamdunga paka insulini. Ni kweli, shoga. Mara mbili kwa siku. Cheka umalize, kisha usome.

Jina unajua tulimpa kwa nini, kwa kupita chumba hadi chumba akikagua sufuria za watu. Basi akaanza kula kuliko mtoto wa shule huku mbavu zinahesabika, na kwenye ndoo ya maji ya chooni akawa habanduki. Nikasema minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Wapi! Aliyegundua ni bibi wa chumba cha mbele, yule anayejidunga mwenyewe miaka yote. Alikuwa anafagia uwanja asubuhi, akaona sisimizi wamepanga mstari mpaka pale kwenye mchanga Bwana Afya anapokojoa. Akaegemea fagio, akaniita: "Mwanangu, njoo uone. Huyu mwenzangu."

Daktari wa mifugo alimtoboa sikio, mashine ya sukari ikasoma 24, juu mno. Alinieleza kwamba paka akiogopa, sukari hupanda, lakini kwa dalili zote zile si woga tu. Akanionyesha miguu ya nyuma, nami nilikuwa sijaiona: anakanyaga na kisigino chote chini, kama aliyevaa kandambili za baba yake. Mishipa ya fahamu imeguswa. Tulianza na uniti 1 ya insulini asubuhi na 1 jioni, sasa tuko kwenye 2. Na ugali marufuku. Hapo ndipo paliponiuma, Tatu. Miaka yote ugali na mchuzi wa dagaa, nikijua namlea. Sasa anakula firigisi na vichwa vya kuku, vya kuchemsha bila chumvi, navichukua kwa yule mama wa kuku wa kukaanga karibu na kituo. Vinanigharimu kidogo kuliko nilivyoogopa.

Insulini ndiyo mzigo. Kwa bei ya kalamu moja, ile bomba ya kudungia yenye dawa ndani, nashona magauni mawili na uzi sijalipa. Ina uniti 300, yeye anamaliza 4 kwa siku, piga hesabu. Lakini karatasi yake inasema ikishafunguliwa ni siku 28, utupe. Nilimuuliza daktari, roho inaniuma. Akasema kwa huyu, ikikaa kwenye friji na ikabaki angavu kama maji, niendelee. Nikiona ukungu au chembe, nitupe bila kuhurumia pesa. Friji ni ya bibi. Umeme ukikatika tunaihamishia kwenye chungu, juu ya mchanga uliolowa, pamoja na yake.

Muda nao ungenishinda peke yangu. Saa 11 alfajiri namwekea chakula, akianza kula namvuta ngozi ya mgongo kama hema, nachoma, hata kichwa hainui. Asipokula sichomi, napiga simu kwanza. Kisha mbio kwenye daladala kwenda Kariakoo. Saa 11 jioni mimi bado niko kwenye cherehani, basi anachoma bibi, baada ya kujichoma yeye.

Sasa sikiliza kilichotupata. Siku moja niliwahi kurudi, bibi simwoni, nikajua amekwenda msibani. Nikachoma. Kumbe alishachoma kabla ya kutoka. Saa 3 usiku Bwana Afya anatembea kama mlevi, anagonga mguu wa kitanda, macho yanaangalia pasipo kitu. Mashine: 2.4, sukari imeshuka mno. Nilichovya kidole kwenye asali nikampaka kwenye fizi, kidogo kidogo, mikono inatetemeka kuliko yeye, simu nimeibana na bega naongea na daktari. Alipoanza kulamba kidole nililia kwa sauti, nyumba nzima ikatoka. Kesho yake tukatundika kalenda mlangoni na penseli iliyofungwa uzi: aliyechoma anachora mstari, na pasipo na uhakika hakuna kuchoma. Daktari alisema kukosa sindano moja ni nafuu kuliko kuzidisha.

Maneno yapo. Jirani mmoja aliniambia usoni kwamba kuna watu wamekosa dawa hiyohiyo, mimi nampa paka. Nilikosa la kumjibu, na mpaka leo sina. Bibi ndiye aliyejibu, bila hata kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachambua: "Ya kwangu haijapungua."

Yapo niliyoyakataa pia. Daktari alitaka nimlaze kwake siku nzima apimwe kila baada ya saa mbili. Sina hiyo pesa, nikamwambia wazi. Tukakubaliana nimpime mwenyewe Jumapili ninapokuwa nyumbani, nimpelekee namba. Jumapili iliyopita zilicheza kati ya 9 na 14. Anasema paka wengine, wakiwahiwa na chakula kikibadilika, hufika mahali wakaachishwa sindano kabisa. Sijamwambia bibi, asije akaona wivu.

Ukija mwezi ujao usimletee biskuti. Kama ni zawadi, leta boksi la stripi za kupimia sukari. Jina la mashine nimeliandika nyuma ya karatasi hii, maana za mashine nyingine haziingii. Na akikulilia mlangoni saa 9 usiku usimfungulie. Anaigiza, ameshakula.

Wako,
Mwajuma