Kidingapopo hakibishi hodi, kimo ndani kitambo

Bwana Mhariri,

Miaka kumi na tisa nasoma gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya Jumanne, ya kwamba homa ya dengi "imebisha hodi" Mombasa, ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Imebisha hodi lini? Marehemu bibi yangu alikuwa akiiita kidingapopo kabla mimi sijazaliwa. Mei 2013 wataalamu walipita nyumba kwa nyumba papa hapa Tudor, wakawapima damu watu 1,500 katika nyumba 701. Waliokutwa na dengi, ya wakati ule au iliyopita karibuni, walikuwa 210, na hata nusu yao hawakusema kwamba waliugua homa mwezi ule. Waliobaki walikuwa sokoni, msikitini, kwenye matatu, wazima kama wewe na mimi. Zanzibar nako walipimwa wachangiaji damu 500, watu wenye afya zao, na kama nusu wakakutwa na kingamwili za dengi, yaani alama za kinga zinazobaki damuni baada ya kuambukizwa. Nyinyi mwahesabu walio wodini, kisha mwaandika ugonjwa umeingia.

Mwaka juzi mke wangu alishikwa na homa, macho yamuuma kwa ndani, mifupa kama imetwangwa. Zahanati tuliyokwenda (siitaji, mwenyewe ajijua) ikamtoboa kidole, kipimo kikasema hana malaria, naye akaandikiwa dawa za malaria. Nikauliza, "Daktari, si umesema hana?" Nikajibiwa, "Mzee, homa ya Mombasa ni malaria." Juu yake akadungwa sindano ya maumivu, diklofenaki, ambayo mgonjwa wa dengi hatakiwi kuiona hata kwa mbali, maana chembe za kugandisha damu zimeshapungua. Usiku ule ule fizi zikaanza kuvuja damu. Tulikokimbilia ndiko walikotambua kwamba ni dengi. Mwanangu akashikilia tupimwe nyumba nzima, kwa pesa zetu. Mimi, ambaye mwaka ule sikupata hata mafua, nikaambiwa, "Wewe mzee ulishaipata zamani." Zamani lini? Hawajui. Aina gani kati ya zile nne za kirusi cha dengi? Kipimo hakisemi. Na nikiumwa na mbu mwenye aina nyingine, zile kingamwili za kwanza zaweza kumfungulia kirusi mlango badala ya kumzuia, na ugonjwa wa mara ya pili ndio unaozidi kuua. Basi mtu mzima wa afya ndiye mwenye haja ya kujua, na ndiye asiyeulizwa na yeyote. Angalau wale wa 2013 waliuliza. Waligundua pia kwamba wengi wa walioambukizwa, walipokwenda kutibiwa homa, waliambiwa ni malaria. Nami nikaambiwa hivyo hivyo, miaka yote hiyo baadaye!

Na tukitaja mbu, tutaje na maji. Mbu huyu wa dengi hana haja na mtaro mchafu. Ataka maji safi yaliyotulia. Mombasa maji safi yaliyotulia yako wapi kama si kwenye mapipa yetu? Mfereji ukitoka leo, hujui utatoka tena lini. Mwenye mkokoteni aniuzia mtungi wa lita 20 kwa bei aipendayo, halafu aja mtu na fulana ya kampeni kuniambia nisiweke maji nyumbani. Niyamwage? Kisha twagawiwa neti za kulalia, kwa mbu anayeuma mchana. (Mimi mstaafu kweli hulala mchana, lakini si mji mzima.)

Pendekezo langu ni dogo. Wakubwa wa afya na wakubwa wa maji waje wakae barazani kwangu wiki moja, saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, wamevaa kaptura. Wapimwe damu siku ya kwanza, wapimwe tena baada ya wiki mbili, na gazeti lenu lichapishe majibu ukurasa wa kwanza. Kahawa nitawapikia mimi. Maji waje nayo.

Mstaafu, Tudor, Mombasa