Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Moshi

Ndugu wanachama, wauguzaji na wagonjwa wetu wa Parkinson, huu ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, mlioweza kufika,

Mikutano minne ilifanyika, wagonjwa 11 walitembelewa Pasua, Rau na Kiborloni, na misiba miwili tulishiriki. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Hesabu: baki la mwaka jana Sh 310,000, ada zilizokusanywa 588,000, jumla 898,000. Matumizi: chumba 120,000, kutembelea wagonjwa 95,000, rambirambi 200,000, siku ya mtafiti wa ubongo kuja kutuelimisha 286,000. Zimebaki 197,000. Wanachama wote 61 wangelipa 24,000 zao, tungekuwa na 1,464,000 za ada peke yake na maneno haya yote yasingekuwepo.

Sasa hiyo 286,000. Ni kweli ilitoka fungu la dawa. Ni kweli mweka hazina alinionya, tena kwa maandishi. Na nimesikia inasemwa kwamba mwenyekiti amegeuza vidonge kuwa soda na chapati. Niliidhinisha mimi, na nafasi ikirudi nitaidhinisha tena.

Yule mtafiti wa ubongo hakuja kupiga picha. Alitueleza kwa nini mkono unatetemeka: seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili, kwenye shina la ubongo zinakufa taratibu, na ndani yake hukutwa protini iitwayo alfa-sinukleini, imejikunja vibaya na kugandana. Mtetemeko unapoonekana, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakwenda. Levodopa, dawa iliyo kwenye vidonge vyetu, hujaziliza dopamini iliyopungua. Haizuii seli kufa, na hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia. Mimi nilimuuguza marehemu mama miaka tisa, na kila alipozidiwa nilidhani vidonge vimechakachuliwa. Nimegombana na wauza dawa bure.

Tena protini ya nyama na maziwa hushindana na levodopa kuingia mwilini. Mzee wetu wa Pasua alikuwa akimeza kidonge chake na mtori wa nyama kila asubuhi. Siku hizi anameza nusu saa kabla, na mkewe anasema anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Vidonge ni vilevile. Wanaouza unga wa upupu hapo mlangoni nao walijibiwa: levodopa imo kweli kwenye mbegu zake, ila kiasi chake hakipimiki jikoni. Nimepiga marufuku biashara hiyo mikutanoni, wanune wanaonuna.

Mnaouliza utafiti unatuhusu nini, hapo wilaya jirani ya Hai tu watafiti walipita nyumba kwa nyumba, matokeo yakachapishwa 2008: wagonjwa 33 wa Parkinson kati ya watu 161,071, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Ndiyo maana nikatoa fedha.

Siku ile ya mtafiti walihudhuria 19. Wanaolalamika zaidi sikuwaona. Mialiko niliipeleka mwenyewe, kwa bodaboda, nauli yangu, sijaidai.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kununua dawa kwa pamoja, na pengine kuanzisha kitu kwa ajili ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau, maana nao ni wengi. Kamati italiangalia.

Risiti zote ziko kwa mweka hazina. Mwenye shaka aje azikague, na aje na ada yake.