Gumegume hailengwi kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Waswahili wenzangu tulioko hapa Pennsylvania, hasa wanaojiandaa kwa msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ya gumegume baada ya Krismasi. Msimu huu ulianza mwaka 1974 na masharti yake yanajulikana: bunduki ishindiliwe kwa mdomoni, iwashwe kwa jiwe, iwe ya namna iliyotumika kabla ya 1800. Nawaomba kwa moyo wote, msiingie msituni na bunduki ambayo hamjailenga wenyewe kwenye uwanja wa shabaha, yaani kurekebisha vilengeo vyake mpaka ipige pale mnapolenga.

Mwaka juzi nilinunua ya kaliba .50. Muuzaji akaniambia imeshalengwa, niende nayo tu. Nikamwamini. Jioni ya siku ya pili akatokea kulungu jike, yadi kama 40. Nililenga bega, risasi ikavunja mguu. Nilifuata matone ya damu kwenye theluji mpaka giza likaniingia. Usiku theluji ikaanguka tena, asubuhi sikuona hata unyayo. Yule mnyama bado ananiuma rohoni.

Nilipokwenda uwanja wa shabaha ndipo nikaelewa. Mafundi wengi huacha kilengeo cha mbele kirefu kwa makusudi, ili mwenye bunduki akipunguze mwenyewe kwa tupa kulingana na baruti atakayotumia na kitambaa atakachozungushia gololi, yaani risasi ya mviringo. Kikiwa kirefu, risasi hupiga chini. Yangu ilipiga inchi 3 chini kwa yadi 25 tu, na kadiri shabaha inavyokuwa mbali ndivyo inavyozidi kushuka.

Anzeni hapo hapo yadi 25, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga. Kipimo cha baruti kisibadilike (mimi natumia greni 70, kama gramu 4.5), kitambaa cha gololi kiwe kile kile, na kila baada ya mlio mmoja pitisheni kitambaa kingine chenye unyevu ndani ya mtutu, maana masizi yakijaa kila risasi itakwenda njia yake. Pigeni tano kabla ya kugusa kilengeo chochote. Matundu yakitawanyika karatasi nzima, tatizo si kilengeo. Yakikusanyika pamoja, sasa mna la kurekebisha: kilengeo cha nyuma kinagongwa taratibu kuelekea kule mnakotaka risasi iende, na cha mbele kinapigwa tupa. Mapigo matano ya tupa, risasi tatu, mnatazama, mnarudia. Msiwe na haraka, chuma kikishaondoka hakirudi. Mimi niliondoa kama milimita mbili na nusu kwa Jumamosi mbili, na gololi karibu 40 zikaisha.

Tatizo jingine lilikuwa mimi mwenyewe. Gumegume hailii pale pale unapovuta. Jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia kisahani kilicho ubavuni mwa mtutu, baruti ya kisahani inawaka, ndipo moto unapenya tundu dogo kuingia mtutuni. Katika nafasi hiyo ndogo mtu anafumba jicho na kuinua kichwa. Mzee mmoja wa meza ya jirani alinitazama, akaja, akatoa jiwe na kufunga kipande cha mti mahali pake, bunduki ikiwa tupu. Nikavuta. Hakuna moto, hakuna mlio, lakini mdomo wa mtutu uliruka kama umeguswa na mtu. Niliona aibu. Tangu siku hiyo kila jioni navuta mara 20 kwa kipande kile cha mti, jicho wazi, shavu kwenye kitako, mpaka mtutu ukatulia.

Babu yangu kule Urambo alikuwa na gobore la fataki, si la jiwe, lakini mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ni mdeki. Wake aliuchonga alama kwa kisu: alama ikilingana na mdomo wa mtutu, gololi imekalia baruti. Wangu nimeuchonga vivyo hivyo. Gololi ikibaki katikati, pengo lile linaweza kupasua mtutu.

Na tafadhali, baruti imiminwe kutoka kwenye kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti. Cheche moja iliyobaki ndani inatosha kuilipua yote mkononi. Vaeni miwani. Asisimame mtu upande wa kulia wa bunduki, kwa kuwa tundu hutema ulimi wa moto upande huo. Isipolia, mtutu ubaki umeelekea shabaha dakika nzima.

Siku hizi yangu inapiga pale ninapolenga kwa yadi 50. Akitokea kulungu mbali zaidi ya hapo, nitamwacha apite.

Msomaji wako,
Lancaster, Pennsylvania