Barua ya wazi kwa Mheshimiwa anayesaini vibali vya maghorofa: ufa wangu umefika milimita 9

Mheshimiwa, shikamoo. Kwa umri wewe ndio ulitakiwa kunipa mimi, nina miaka 61, ila mwenye muhuri ndio mkubwa, basi pokea. Jina lako siliandiki na ofisi yako siitaji. Unajijua, na ukijifanya hujijui muulize dereva wako, yeye anapakumbuka maana alipaki gari juu ya mtaro wetu na mfuniko ukavunjika.

Mimi ni fundi saa hapa Mchafukoge. Nakaa barazani kwenye nyumba ya ghorofa moja, kiti hiki alikikalia baba kabla yangu, na chumba changu cha kulala kipo uani nyuma. Nyumba ina mwaka wake umeandikwa kwa saruji juu kabisa, 1936, namba 6 imeshabanduka nusu inafanana na sifuri. Serikali ilipotaifisha majumba 1971, yale ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, hii ilipona kwa sababu thamani haikufika na mwenyewe alikuwa anaishi juu na familia yake. Mjane wake yupo juu mpaka leo, sisi wapangaji tunamwita Bi Mkubwa. Nakwambia haya ili ujue hii nyumba imepita kwenye mikono mizito kuliko ya huyo anayejenga pembeni, na ilisimama.

Juzi Jumanne saa 9 usiku, mvua inanyesha, tukasikia kishindo kwenye ngazi. Kona ya ukuta juu ya ngazi imeshuka, mawe na chokaa, kipande kimoja nilikipima kwenye mzani wa muuza karanga kikavuta kilo 11. Ngazi ile ile Bi Mkubwa anashukia kila siku alfajiri kufungua mlango wa chini. Ingekuwa masaa mawili mbele, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine, na wewe ungekuja mbio, najua ungekuja, na koti la kung'aa na kofia ngumu na watu wa kamera.

Maana hata mara ya kwanza ulikuja hivyo hivyo. Ilikuwa Januari, Kariakoo bado mbichi, lile ghorofa lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa halijatoka vichwani mwa watu, zaidi ya 20 wamekufa, wengine walikuwa wanaongea na simu kutoka chini ya kifusi wakiomba maji. Ikaundwa timu ya kukagua majengo ya Kariakoo, redio nzima ni ukaguzi ukaguzi, na wewe ukaona na sisi huku tusiachwe. Ukasimama hapa barazani kwangu. Ukanywa dafu la yule kijana wa baiskeli, ulisema hela atalipwa na msaidizi wako, hajalipwa. Ukaangalia lile shimo la jirani kwa kuchungulia kwenye tundu la bati ukasema maneno haya, nimeyaandika kwenye daftari la saa za wateja: "ndani ya siku 14 mtapata majibu ya kitaalamu". Leo ni siku ya 118. Mimi kazi yangu ni saa Mheshimiwa, siku siwezi kukosea.

Ngoja nieleze shimo lenyewe kwa sababu inawezekana ulichungulia vibaya.

Pembeni yetu kulikuwa na nyumba pacha na hii, ukuta kwa ukuta, ina veranda ya mbao juu na madirisha ya luva, chini duka la vitambaa. Ilivunjwa usiku tatu tu. Mchana palikuwa kimya, mabati ya kijani yamezungushwa, usiku kijiko kinaingia. Mlango wa mbao wa nakshi uliondoka kwa Canter kabla hata bati la kwanza halijapigwa msumari, sijui umefikia hotelini gani. Alafu wakaanza kuchimba. Wakawa wanasema wanachimba maegesho ya magari, chini ghorofa mbili. Sasa kuchimba chini ghorofa mbili hapa kwetu, bahari unaisikia harufu, ukifika mita chache tu maji haya hapa. Wakaleta pampu. Ile pampu inavuta usiku na mchana, inamwaga mtaroni, na ukikaa ukaangalia yale maji yanayotoka si meupe, yana mchanga. Mimi si injinia. Ila nimejiuliza, mchanga ule unatoka wapi? Kama unatoka chini ya shimo lao sawa. Kama unatoka chini ya kiti changu je?

Wengine hapa mtaani wanasema kinachopasua ukuta wetu sio maji, ni ile mashine yao ya kushindilia. Inawezekana. Ikianza kugonga, skrubu zangu zinaruka kwenye sahani. Skrubu ya saa ya mkononi ya kike ni ndogo kuliko chawa, ukiipoteza umepoteza saa ya mtu. Nimefikia hatua napangiwa ratiba na mashine, wakigonga mimi nanyoosha mgongo, wakienda kula mimi ndio nafanya kazi. Wateja wamepungua, vumbi la saruji linaingia mpaka kwenye saa iliyofungwa, mtu anakuletea saa ina betri tu anaondoka na saa ina mchanga, kesho anarudi na maneno. Mwezi wa tatu kodi nimelipa kwa mkopo wa vikoba vya mke wangu. Hayo yangu, tuyaache.

Turudi kwenye ufa. Ulianza juu ya linta ya dirisha la ngazi, mwembamba kama unywele, unashuka ngazi ngazi kufuata mawe. Tarehe 3 Februari nikachukua venia yangu, ile ninayopimia vioo vya saa, nikapima: milimita 2. Nikabandika kipande cha karatasi ya risiti kwa gundi, nusu upande huu wa ufa nusu upande ule, nikaandika tarehe juu yake. Hii alinifundisha mzee mmoja mwashi, marehemu sasa, alisema ukuta ukilala karatasi inabaki, ukuta ukitembea karatasi inachanika. Baada ya siku 9 ikachanika. Nikabandika nyingine, ikachanika. Zipo 7 sasa ukutani, moja chini ya nyingine, zote zimechanika katikati kama tiketi za daladala. Machi milimita 4. Aprili mwanzoni 6 na nusu. Baada ya Jumanne, 9. Kidole changu kidogo kinaingia ncha.

Hizi namba nimekuletea ofisini kwa barua tatu. Barua zote zina muhuri wa IMEPOKELEWA, ninazo nakala, muhuri wenu ni mzuri wino haukatiki. Nikienda kuuliza naambiwa faili lipo mezani. Nikiuliza meza ya nani naambiwa mhusika yupo semina. Siku nyingine mtandao upo chini. Siku moja dada wa mapokezi, Mungu ambariki, akaninong'oneza, baba wewe nenda kapumzike, haya mambo yana wenyewe. Nikapanda mwendokasi nikarudi. Sisemi kuna mtu kala. Nasema tu kwamba kibao cha mradi kilichowekwa siku ya kwanza kiliandikwa ghorofa 9, baadae upepo ukakiangusha, upepo wa ajabu sana haukuangusha bati hata moja, na dereva wa lori la zege ananiambia yeye kaambiwa ajiandae na ghorofa 14. Hizo 5 za kati zimesainiwa wapi? Au nazo zipo semina?

Na usinijibu kwamba napinga maendeleo, maana najua ndio jibu linalofuata. Mwanangu wa pili ni mlinzi kwenye ghorofa refu kule Posta na ugali tunakula. Mji unakua, watu wapo wengi, ardhi ya katikati ni ghali, hayo nayajua bila semina. Zamani ukiingia na boti kutoka Zanzibar unaona kwanza mnara wa kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile Wajerumani walilimaliza 1902, siku hizi unautafuta katikati ya vioo kama mtu anayetafuta mtoto stendi. Sawa, yameshapita. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, Boma la Kale alilojenga Sultani Majid miaka ya 1860 linatunzwa, wageni wanalipiga picha, vizuri. Ila hizi nyumba zetu za Uhindini hazina mtu wa kuzisemea, za wauza vitambaa na wauza viungo, hakuna gavana aliyelala humu. Kuta nene, dari juu, saa 8 mchana unakaa ndani bila feni. Jengo la vioo lililopo mbele yetu ikifika saa 10 linaturudishia jua lote usoni, mimi nafanya kazi na kipande cha boksi kichwani, watu wanacheka.

Na mabomba ya maji machafu yaliwekwa kwa nyumba kama hizi, familia tatu nne. Sasa mnabandika juu yake vyoo mia. Masika hii mtaa umebubujika mara ngapi, nimeacha kuhesabu. Jina la kata yetu lenyewe linatuambia tukaoge, tutaoga na nini.

Mheshimiwa, kuna kitu sikukwambia siku ile ulipokuja maana ulikuwa na haraka. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, asubuhi, nilikuwa nakunywa chai hapa hapa. Nikasikia mlio kama lori limemwaga kokoto, lakini haukuisha. Lilikuwa lile jengo la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi linaanguka. Nilikimbia kwa miguu. Vumbi lilikuwa jeupe huwezi kumjua mtu, kuna watoto walikuwa wanacheza mpira pembeni yake. Watu 36. Nondo nilizoziona zimechomoza kwenye kifusi nilisema mwenyewe moyoni mbona nyembamba, na mimi ni fundi saa tu. Baadae ndio tukaambiwa ghorofa zilizokuwa kwenye kibali hazikufika zile zilizokuwa juu. Baadae! Kila mtu anajua baadae. Viongozi walisimama juu ya kifusi wakasema haitatokea tena, nilikuwepo, niliwasikia kwa masikio yangu, na 2024 ikatokea mwendo wa dakika 20 kwa mguu kutoka pale.

Kwa hiyo ukiona napima ufa kila Ijumaa na daftari usidhani ni uzee.

Kwenye barua ya kwanza niliomba ujenzi usimamishwe. Ya pili nikaomba tuoneshwe kibali na michoro, na Bi Mkubwa alipwe ukuta wake. Ya tatu nikaomba angalau pampu izimwe usiku. Naona nilikuwa naomba vikubwa, labda ndio maana vimekwama mezani. Nimepunguza. Naomba mtu mmoja. Injinia mmoja, hata kama ni kijana wa mafunzo, aje na kipimo chake, kama hana nitamwazima changu, apime ufa, aandike namba kwenye karatasi yenye nembo yenu, aandike na sentensi moja tu, hii nyumba inakalika au haikaliki, aweke jina na saini. Saini kama zile unazoweka wewe kwenye vibali. Nyumba ikiwa inakalika tutakaa. Ikiwa haikaliki atuambie, tubebe magodoro, tutajua pa kwenda au hatutajua lakini tutakuwa tumeambiwa. Hiki ndicho nataka. Mtu mmoja na karatasi moja. Sitaki semina, sitaki tume, dafu nitanunua mimi.

Maana sasa hivi tunaishi kwa kukisia. Bi Mkubwa anakaribia miaka 80, analala na buibui lake mwilini na mkoba wa hati za nyumba upo kwenye kitasa cha mlango. Tangu Jumanne hashuki mwenyewe, asubuhi napanda mimi, namshika mkono, tunashuka upande wa kulia wa ngazi tumebana kwenye reli kama watu wanaokwepa mbwa. Jana akaniuliza, fundi, hii nyumba itanizika au nitaizika mimi? Nikamwambia Bi Mkubwa tumemwandikia Mheshimiwa. Akacheka mpaka akakohoa.

Pampu inavuta muda huu ninavyoandika. Leo asubuhi nimebandika karatasi ya 8. Nipo barazani kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, Jumapili pia siku hizi kwa sababu ya madeni. Ukimtuma huyo mtu mwambie asiegemee ukuta wa kushoto.

Fundi saa,
Mchafukoge, Dar es Salaam