Barua kwa mwanangu aliyehamishiwa sauti ya pili

Marahaba mwanangu. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikazima na jiko kabisa ili nikusikie vizuri. Kumbe mwalimu wa kwaya kakutoa sauti ya kwanza kakupeleka ya pili na we unaona kama umerudishwa darasa. Hujarudishwa mama. Ngoja nikwambie yangu ambayo sijawahi kukwambia.

Mi nilivyokuwa na umri wako niliimba soprano, hiyo sauti ya kwanza, na sauti yangu wala haikuwa ya soprano, nilitaka tu kukaa na wale wanaoimba melodi. Tukifika nota za juu nanyanyua kidevu, mishipa ya shingo imesimama, nakaza koo mpaka masikio yanaziba. Pasaka moja tumeimba mkesha mzima, asubuhi nafungua mdomo inatoka hewa tupu. Daktari akasema nyuzi za sauti zimevimba, nyamaza, na kunong'ona usinong'one maana nako kunazichosha. Wiki mbili nilikuwa naomba hata chumvi kwa kuandika kwenye daftari.

Sauti hatuchagui kama kitenge mwanangu. Nyuzi za kooni zikiwa fupi na nyembamba zinatetemeka haraka, sauti inakuwa juu, zikiwa ndefu na nene inashuka. Ile nota ya A wanayotunia vyombo, nyuzi zinagongana mara 440 kwa sekunde moja, soprano akipanda A inayofuata juu ni mara 880, hebu fikiria koo linafanya kazi gani hapo! Ndo maana mdogo wako saa hizi sauti inamkatikakatika, koromeo linakua, nimemwambia asijilazimishe kwanza kuimba teno wala besi, zile sauti za wanaume. Na nyie wasichana inawateremka kidogo mkikua, ila kwenu haisikiki sana kama kwa wavulana.

Najua sauti ya pili mwanzoni inachosha. Soprano wanapewa wimbo wenyewe, nyie mnapewa so so so, fa, so, mstari mzima mko palepale. Sasa siku ya mazoezi muombe mwalimu nyie alto, yaani sauti ya pili, mnyamaze ubeti mmoja tu, usikilize. Soprano wataelea huko juu, teno na besi chini, katikati pamebaki shimo. Na kuishika so yako wakati jirani anaimba melodi sikioni kwako inataka sikio la kweli, wengi wanateleza wanamfuata bila kujijua.

Na yule aliyekwambia sauti nzito siyo ya kike, mwambie akamsikilize Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyemtangulia, aliziimba kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kifuani, ina mikwaruzo, hakuilainisha imfurahishe mtu, na mwaka 2005 akiwa bibi kizee akapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki. Amefariki 2013 na mimi mpaka leo nikimsikia mwili unanisisimka.

Kunywa maji ya kutosha, na kabla ya kuimba anza kwa kuguna mdomo umefumba, taratibu, usirukie juu. Koo likiuma acha hapohapo hata kama mwalimu hajasema.

Jumapili nirekodie. Simu usiiweke kwa soprano, iweke kwenye benchi lenu, naitaka hiyo so.

Mama yako