Kwa Nini Tunapima Nguvu ya Mshiko Mara Tatu kwa Kila Mkono

Wateja wengi wanaofika kwenye kliniki yetu ndogo ya mazoezi tiba hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, huja na maelezo yanayofanana: kifuniko cha chupa hakifunguki, nguo ikikamuliwa hubaki inachuruzika, ndoo inaponyoka mkononi, na ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa upesi kila asubuhi sasa anamchosha mkamuaji kabla maziwa hayajafika nusu ya ndoo. Wanatarajia kukandwa na kupewa mazoezi. Badala yake, jambo la kwanza tunalofanya ni kuwakabidhi kifaa chenye mpini na mshale, kuwaambia wakibane kwa nguvu zao zote, kisha kuwaomba warudie, na warudie tena. Baadhi yao wametuuliza, na ni haki yao kuuliza, kwa nini walipie kipimo kinachofanana na mchezo wa kushindana nguvu.

Kifaa hicho huitwa dainamomita. Tunayoitumia sisi ni ya aina ya Jamar, ambayo mpini wake ukibanwa hugandamiza mafuta yaliyofungiwa ndani, na mgandamizo huo husukuma mshale unaoonyesha kilo, kuanzia 0 hadi 90. Daktari Charles Bechtol wa Marekani alieleza kifaa cha namna hii mwaka 1954, na ubora wake uko kwenye mpini unaosogezwa katika nafasi 5, kwa sababu kiganja kidogo na kiganja kipana haviwezi kubana upana uleule kwa haki. Watu wazima wengi hutoa nguvu yao kubwa kwenye nafasi ya 2, kwa hiyo ndiyo tunayoanza nayo, na tunaiandika kwenye faili ili safari ijayo isibadilike.

Mteja huketi kwenye kiti, miguu yote miwili ikiwa imekanyaga sakafu, bega limetulia, mkono wa juu uko karibu na ubavu, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kidole gumba kinaelekea juu, na kifundo cha mkono kimenyooka au kimeinuka kidogo tu kwa nyuma. Mkao huu ndio uliopendekezwa na chama cha wataalamu wa tiba ya mikono cha Marekani, nasi tunaufuata kwa ukali kwa sababu misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Inakaa kati ya kiwiko na kifundo, na huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye njia nyembamba iliyo kifundoni. Kunja kifundo chako mpaka kiganja kielekee ndani, kisha ujaribu kubana vidole viwili vya mkono wa pili: utaona kuwa nguvu imekwenda, ingawa misuli ni ileile, kwa sababu kano zimelegea na hazina tena cha kuvuta.

Ukali huu tulijifunza kwa kosa letu wenyewe. Katika mwaka wetu wa kwanza tulimpokea mama mchuma chai kutoka Rungwe, ambaye alivunjika kifundo cha mkono wa kulia na alikuwa ametolewa plasta siku chache kabla. Kipimo cha kwanza kilikuwa kilo 9. Wiki 2 baadaye kikasoma kilo 14, tukafurahi pamoja naye, akarudi nyumbani akiwa na matumaini ya kushika kapu lake msimu huohuo. Safari ya tatu mshale ukatetemeka, ukasimama kwenye 10. Mama yule aliutazama mshale, akautazama mkono wake, machozi yakamlengalenga. Tulipofungua faili tuligundua kwamba kile kipimo cha 14 kilichukuliwa mchana na mwenzetu mwingine, mama akiwa amesimama, mkono umening'inia, mpini ukiwa kwenye nafasi nyingine, na watu wawili wakimshangilia. Mkono wake haukuwa umerudi nyuma hata kidogo. Kilichokuwa kibovu ni upimaji wetu, nasi ndio tuliomtia huzuni ile. Tangu siku hiyo mtu mmoja humpima mteja mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa maneno yaleyale ya kumhimiza, na tunachukua wastani wa mara 3 kwa kila mkono, huku tukimpumzisha katikati.

Hata mkao ukiwa sahihi, namba ya mtu mmoja si ya mwingine. Takwimu za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2014 zilionyesha kuwa mshiko hufika kileleni takribani kati ya miaka 26 na 42, kilele kikiwa karibu kilo 51 kwa wanaume na 31 kwa wanawake, kisha hushuka polepole. Urefu wa mwili, ukubwa wa kiganja na kazi ya kila siku navyo vina sehemu yake. Mpasua mbao wa Mufindi akisoma kilo 35 huenda ana tatizo, ilhali kwa mwenzake mwenye umri uleule anayeshinda ofisini huenda tusishtuke. Ndiyo maana tunauliza sana kuhusu kazi yako, na ndiyo maana tunapima hata mkono usio na tatizo: kwa anayetumia kulia, mkono huo huwa na nguvu zaidi kwa takribani asilimia 10, na kwa anayetumia kushoto mikono yote miwili mara nyingi hukaribiana. Mkono wako wa pili ndio mwamuzi wa haki kuliko jedwali lolote, isipokuwa pale ugonjwa unapokuwa umeishika mikono yote.

Saa na hali ya hewa pia tunaviandika. Asubuhi na mapema mshiko huwa dhaifu kidogo, na misuli yenye baridi haivuti vizuri. Asubuhi za mwezi Juni na Julai hapa kwetu, anayetoka Uyole kwa bodaboda bila glavu hatumpimi mpaka mikono ipate joto.

Wakati mwingine udhaifu wa mshiko unatoka mbali na mkono. Mishipa ya fahamu ya mkono huanzia shingoni, kwa hiyo pingili ya shingo iliyochakaa inaweza kumdondoshea mtu kikombe. Fundi cherehani anayeamka usiku akikung'uta mkono kwa sababu ya ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, huenda mshipa wake umebanwa kwenye ile njia nyembamba ya kifundoni. Kisukari, baridi yabisi, kiharusi na lishe duni navyo hupunguza nguvu. Kwa wazee tunaangalia viwango vya wataalamu wa Ulaya vya mwaka 2019, yaani chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, kama dalili ya kuchunguza zaidi upungufu wa misuli. Havikutungwa kwa wakulima wa nyanda zetu, kwa hiyo tunavichukua kama kengele tu, na mwenye namba hizo tunamwelekeza kwa daktari. Utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha watu wapatao 140,000 katika nchi 17 ulihusisha kila upungufu wa kilo 5 za mshiko na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Hiyo haina maana kwamba kubana mpira kutaongeza miaka. Mshiko hapo ni ishara ya hali ya mwili mzima.

Tofauti ya kilo 1 au 2 kati ya safari moja na nyingine hatuihesabu, iwe imepanda au imeshuka, na tunakuomba nawe usiihesabu.

Wapo pia tusiowapima kabisa siku ya kwanza, hata wakisisitiza: mwenye mfupa ambao haujaunga, aliyeshonwa kano ya kidole na hajapata ruhusa ya daktari aliyemfanyia upasuaji, na mwenye shinikizo la damu lililopanda sana siku hiyo. Hao tunawapangia tarehe nyingine, na hawalipii kipimo ambacho hakikufanyika.