Barua ya wazi kwa Rais wa Kamisheni ya Rali ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari: gari ambalo bado ni zima lisistaafishwe kwa sababu ya modeli

Mheshimiwa Rais,

Nakuandikia kuhusu Rally3, Rally4 na Rally5, madaraja ya chini ya magari ya rali, ngazi ambazo dereva hununua gari kwa fedha zake na kulitunza miaka mingi. Kule juu kiwanda kikibadili modeli, timu nayo hubadili gari. Huku chini gari likiondolewa, dereva naye ameondoka.

Julai 2023 Ford iliacha kutengeneza Fiesta. Katika gari hilo ndimo ilimotoka Fiesta Rally3 ya M-Sport Poland, kampuni inayounda magari ya rali ya Ford, iliyoanza 2021 na kubaki peke yake katika daraja lake hadi Renault ilipoleta Clio Rally3 mwaka 2023. Zimo pia Fiesta za Rally4 na Rally5. Kiambatisho J cha kanuni za FIA kinasema homologesheni, yaani kibali cha modeli kushindana, hudumu miaka 7 baada ya modeli kuacha kutengenezwa kiwandani. Kanuni hiyo ikitumika kama ilivyoandikwa, mwaka 2030 magari hayo yote yatapoteza kibali siku moja, lililochakaa na lililotunzwa kama mboni ya jicho. Tumeshayaona haya kwa Mitsubishi Lancer Evolution na Subaru Impreza za Kundi N, daraja la zamani la magari yaliyokaribiana na ya barabarani. Yapo mashirikisho ya kitaifa yanayoziruhusu bado, na nayashukuru kwa dhati, lakini dereva akitaka kuvuka kwenda mashindano ya kimataifa mara nyingi anaambiwa atafute gari jingine.

Nikiuliza sababu najibiwa: usalama. Naukubali usalama kuliko kitu chochote katika mchezo huu. Ila mtazame mkaguzi akiwa kazini. Anaingiza kichwa mlangoni, anapapasa ubavu wa kiti akitafuta lebo. Kiti cha kiwango cha FIA cha 8855-1999 huruhusiwa miaka 5, cha 8862-2009 miaka 10. Anageuza mkanda asome mwaka. Anaangalia mtungi wa kuzimia moto kama umehudumiwa ndani ya miaka 2. Anapitisha kidole kwenye maungio ya fremu ya chuma inayomkinga dereva gari likipinduka, akitafuta ufa au kutu. Kilichopitwa na wakati kinatolewa, kipya kinafungwa, gari linakwenda. Kila kinachookoa maisha tayari kina tarehe au ukaguzi wake, na hakuna hata kimoja kinachotegemea kiwanda kinatengeneza modeli gani mwaka huu.

Hofu ikiwa ni mwendo, dawa yake mnayo. Tundu la kupitishia hewa kwenye turbo ndilo linalobana nguvu ya injini, na la Rally3 ni dogo kuliko la Rally2, daraja la juu yake. Gari kuukuu likizidi nguvu, lipunguzieni tundu.

Vipuri ni tatizo la kweli, sitalificha. Kiwanda kikiacha kuvitoa, ruhusuni vya watengenezaji wengine vyenye vipimo na uzito uleule, vikaguliwe na shirikisho la nchi.

Ombi langu ni hili: katika madaraja haya matatu, kibali kifuate gari lenyewe. Muda wa modeli ukiisha, kila gari likaguliwe fremu na bodi, lipewe miaka 2, kisha likaguliwe tena, na matokeo yake yahesabiwe kama ya mengine. Na uamuzi utoke mapema. Kuna kijana anayejadiliana bei ya Fiesta iliyotumika wiki hii, na ana haki ya kujua ataiendesha hadi lini.

Wako katika mchezo,
Mpenzi wa rali